Mazoezi wakati wa sikukuu: mwongozo kamili kwa anayekwenda nyumbani Desemba

Kila Januari, kikundi chetu cha mchakamchaka kinapokutana tena Coco Beach, nakuta tatizo lilelile. Watu ambao Novemba walikuwa wanakimbia kilomita 8 huku wakiitikia nyimbo, sasa kilomita 2 zinawakata pumzi. Magoti yanauma. Wengine wanakuja Jumamosi ile moja tu, wanaona aibu, na hatuwaoni tena mpaka katikati ya mwaka.

Si wavivu. Nimewasikiliza wengi na wanaanguka kwa njia mbili. Kuna anayesema "napumzika kabisa, nitaanza Januari". Na kuna anayeapa kuendelea na ratiba yake ya Dar akiwa kijijini, akashindwa siku ya pili, na kwa kuwa ratiba imeshavunjika akaiacha yote.

Tazama kalenda. Kuanzia Uhuru, Desemba 9, mpaka Mapinduzi, Januari 12, ni siku 35, yaani wiki tano kamili. Mwili uliozoea mazoezi huanza kupoteza uwezo wa pumzi ndani ya wiki mbili hivi za kukaa, kwanza kwa sababu kiasi cha damu mwilini hupungua na moyo unasukuma kidogo kwa kila pigo. Wiki tano zinatosha kukurudisha nyuma miezi.

Mfano wangu ni safari ya Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro, kwa kuwa ndiyo ninayoifanya kila mwaka na ndiyo inayowaangusha wengi kwetu. Kama kwenu ni Lushoto, Bukoba au Njombe, badilisha majina ya vituo tu.

## Nani aanzie kwa daktari

Kama una presha, sukari, ugonjwa wa moyo, ujauzito, au umewahi kupata maumivu ya kifua ukipanda ngazi, ongea na daktari kabla ya kufanya Hatua ya 5. Kutembea karibu kila mtu anaruhusiwa; kupanda mlima kwa kasi ni jambo jingine.

Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari atembee na pipi au glukosi mfukoni. Na dawa zifungashwe za kutosha siku zote za likizo, pamoja na za akiba.

## Vitu vya kuandaa

- Raba moja unayoizoea. Usinunue mpya kwa ajili ya safari. Zitakuchubua siku ya kwanza na hiyo itakuwa sababu ya kuacha.
- Soksi jozi 3. Desemba mvua za vuli bado zinaweza kunyesha mlimani, na soksi haikauki kwa siku moja.
- Traksuti au sweta. Alfajiri ya Marangu siyo alfajiri ya Sinza.
- Kamba ya kuruka. Ya katani inatosha: ikanyage katikati kwa mguu mmoja, ncha zake zifike kwapani.
- Madumu 2 ya lita 5. Haya utayakuta nyumbani. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo dumu likijaa unajua umebeba kilo 5.
- Kanga au taulo la kutandika chini.
- Tochi, na fimbo ya kutembelea.
- Chupa ya maji ya lita moja.
- Daftari dogo na kalamu. Simu itaisha chaji au itachukuliwa na watoto.

Raba na soksi jozi moja ziwekwe kwenye begi la mkononi. Zisiende kwenye buti la basi. Sababu utaiona kwenye Hatua ya 4.

## Hatua ya 1: Punguza ratiba kabla hujafungasha

Kazi ya wiki hizi tano ni kulinda ulichonacho. Usijaribu kuongeza kitu. Ukilikubali hili mapema, nusu ya mzigo imeshuka.

Kulinda kunahitaji kidogo kuliko watu wanavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Robert Hickson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, waliwafanyisha watu mazoezi siku 6 kwa wiki kwa wiki 10, kisha wakawapunguzia siku. Waliobakiwa na siku 2 tu kwa wiki walishikilia uwezo wao wa pumzi kwa wiki 15, mradi ukali wa zoezi haukushuka. Kwenye jaribio lao jingine waliacha siku zilezile wakapunguza ukali, na uwezo ukashuka.

Maana yake kwako: siku zinaweza kupungua, ukali usipungue.

Ratiba ya wiki iwe hivi:

- Siku 2 za zoezi kali la pumzi, dakika 25 hadi 30.
- Siku 2 za nguvu, dakika 15 hadi 20.
- Kutembea kila siku, hata vipande vipande.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za zoezi kali, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku 2. Tangu mwongozo wao wa mwaka 2020, lile sharti la zamani kwamba zoezi lazima lifike dakika 10 ndipo lihesabiwe halipo tena. Dakika 6 za kwenda gengeni kwa haraka ni za kwako, zihesabu.

Kipimo cha mdomo. Kwa kuwa hutakuwa na mashine yoyote kijijini, pima ukali kwa pumzi yako. Ukiweza kuimba wimbo wa mchakamchaka mpaka mwisho, hiyo ni nyepesi. Ukiweza kusema sentensi nzima lakini kuimba kukashindikana, ni wastani. Ukiweza kutoa maneno matatu manne tu halafu uvute pumzi, hiyo ni kali.

Umefanikiwa ikiwa ratiba yako inaenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari, na ukimsomea mtu mwingine hashangai.

## Hatua ya 2: Waage wenyeji mapema

Hatua hii haimo kwenye ratiba za mazoezi za mtandaoni, na wengi wanakwama hapa.

Mwaka wa kwanza niliporudi Kibosho na raba zangu, nilitoka saa 11 na nusu alfajiri kimyakimya nisiwaamshe watu. Nilirudi baada ya saa moja nikakuta bibi amesimama barabarani na majirani wawili, kanga begani, wananitafuta. Aliniambia, "Mjukuu wangu, mtu hatoki nyumbani kwa watu gizani bila kuaga." Sikutoka tena kwa siku nne, kwa aibu. Zoezi likafa hapo.

Sasa napiga simu kabla ya safari. Namwambia: "Shikamoo bibi. Nikija, asubuhi nitakuwa natembea mpaka kule shuleni na kurudi, nusu saa tu. Usiwe na wasiwasi." Yeye mwenyewe huwaambia wengine. Siku hizi ananiuliza kama nimeshaenda.

Mambo matatu ya kupanga naye au na mwenyeji yeyote:

Muda. Jua kule Moshi mwishoni mwa Desemba linachomoza kama saa 12 na dakika 20 asubuhi. Subiri kupambazuke. Giza, matope na bodaboda zisizo na taa ni hatari usiyoihitaji.

Mwenza. Tafuta binamu, shemeji au wifi wa kwenda naye. Kwa wanawake nasisitiza zaidi: nendeni wawili, kwenye njia yenye watu wanaokwenda shamba au misa ya asubuhi. Traksuti na kanga kiunoni hukuondolea macho ya watu bila kukuzuia kutembea.

Mbwa. Nyumba nyingi hufungulia mbwa usiku na kuwafunga asubuhi. Uliza nyumba zipi wana mbwa wakali. Mbwa akikujia usikimbie. Simama, mwelekee, shika fimbo mbele yako, kisha rudi nyuma polepole. Ukiumwa, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, halafu nenda kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Hata kama ni Krismasi.

Umefanikiwa ikiwa kuna mtu mzima mmoja nyumbani anayejua unakwenda wapi na unarudi saa ngapi.

## Hatua ya 3: Siku ya safari

Kutoka Stendi ya Magufuli pale Mbezi mpaka Moshi ni saa 9 au 10 za kukaa, na Desemba zinaweza kuzidi. Shirika la Afya Duniani limeshaonya kwamba safari ya kukaa saa 4 au zaidi inaongeza takriban maradufu uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Kwa mtu mwenye afya hatari hiyo bado ni ndogo, lakini kuipunguza ni rahisi.

1. Omba siti ya upande wa njia.
2. Kila saa moja, nyanyua visigino mara 30 ukiwa umekaa, kisha nyanyua vidole vya miguu mara 30. Misuli ya vigimbi ndiyo pampu inayorudisha damu juu.
3. Kunywa maji kidogokidogo. Najua watu hawanywi kwa kuogopa kubanwa na mkojo njiani. Kunywa funda mbili tatu kila nusu saa, na nenda chooni kila basi linaposimama hata kama hujabanwa.
4. Basi likisimama Korogwe, usikimbilie foleni ya chipsi. Tembea kwanza dakika 5 kuzunguka eneo la maegesho, ndipo ununue. Mwambie konda uko wapi.
5. Ukifika nyumbani, salimia, weka mizigo, halafu kabla hujakaa omba kwenda kumsalimia jirani au baba mdogo kwa miguu. Dakika 15 zinatosha, na heshima umetoa.

Onyo. Mguu mmoja ukivimba, ukauma au ukawa wa moto siku za karibuni baada ya safari, usiukande. Nenda hospitali. Ukipata na upungufu wa pumzi wa ghafla, hiyo ni dharura.

Umefanikiwa ikiwa ukivua viatu usiku alama za soksi hazijazama sana mguuni, na umekojoa angalau mara tatu njiani.

## Hatua ya 4: Asubuhi ya kwanza

Kama utashika hatua moja tu kwenye mwongozo huu, shika hii. Kwa miaka niliyowafuatilia wenzangu, aliyetoka asubuhi ya kwanza aliendelea kwa namna fulani. Aliyesema "leo napumzisha uchovu wa safari" alianza kupanga kesho, na kesho kulikuwa na wageni.

Asubuhi ya kwanza bado huna wajibu. Ndugu hawajajua kama umefika, mbuzi hajachinjwa, hujaitwa kwenye kikao cha ukoo. Kuanzia siku ya pili utakuwa mali ya watu wengine. Kwa hiyo muda wako ni kabla ya chai.

Usiku: toa raba kwenye lile begi la mkononi. Ziweke pale utakapokanyaga ukishuka kitandani, soksi ndani yake. Kama raba ziko chini ya magunia ya mchele na zawadi za watoto, asubuhi hutazitafuta.

Asubuhi, dakika 20:

1. Kunywa maji glasi moja. Usinywe chai kwanza, kwa sababu chai huja na mtori, na mtori huja na mazungumzo.
2. Dakika 5: tembea polepole kwenye njia tambarare kadiri inavyowezekana. Zungusha mabega, geuza kiuno.
3. Dakika 10: tembea kupanda. Usikimbie. Mwendo uwe wa wastani kwa kile kipimo cha mdomo. Uweze kumsalimia kila unayempita na kuitikia kikamilifu. Kule kwetu salamu ni nyingi, kwa hiyo kipimo unacho njia nzima.
4. Dakika 5: rudi kwa kushuka, hatua fupi fupi, magoti yakiwa yamelegea kidogo.

Kwa nini kutembea, wakati wewe ni mkimbiaji? Kwanza ni mwinuko. Dar iko usawa wa bahari. Vijiji vingi vya Kibosho, Machame, Marangu na Rombo viko kati ya mita 1,000 na 1,800. Hewa ni nyepesi kidogo, na moyo utadunda haraka zaidi kwa kazi ileile kwa siku chache.

Pili, na hili ndilo linalowaumiza watu: kushuka. Ukishuka mlima, misuli ya mapaja inafanya kazi huku inavutwa, na kazi ya namna hiyo huleta michaniko midogo kwenye nyuzi zake, mingi kuliko ya kupanda. Maumivu hayaji siku hiyo. Yanakuja baada ya saa 24 na kufikia kilele ndani ya siku tatu. Mkimbiaji wa Coco Beach, aliyezoea tambarare, akishuka mbio kilomita 3 siku ya kwanza, siku ya tatu hawezi kuketi kwenye kigoda. Kisha anasema mlima umemshinda, wakati alikuwa hajauzoea tu. Ukishuka kidogo siku ya kwanza, mwili hujikinga. Safari zinazofuata huumii hivyo tena.

Usifanye: usipange "kuanza kwa kishindo". Usiende na simu sikioni. Usiongeze dakika hata kama unajisikia vizuri sana. Hewa ya kule asubuhi inadanganya.

Umefanikiwa ikiwa umerudi chai bado iko jikoni, una jasho jepesi kwenye paji la uso, na kesho yake unaweza kuchuchumaa bila kushika ukuta. Andika kwenye daftari: tarehe, dakika, njia. Mstari mmoja.

## Hatua ya 5: Siku mbili kali za wiki

Anza siku ya tatu au ya nne tangu ufike. Chagua siku zisizofuatana, na zisiwe zile za mikesha.

Tafuta mteremko unaochukua kama dakika 1 kuupanda kwa haraka. Mlimani utaupata nje ya geti.

1. Pasha mwili kwa kutembea haraka dakika 6, kisha kukimbia pole dakika 2.
2. Panda kwa kasi dakika 1, mpaka uwe wa maneno matatu manne.
3. Shuka kwa kutembea. Usikimbie kushuka. Chukua dakika 1 na nusu hadi 2.
4. Rudia mara 5 wiki ya kwanza, mara 6 au 7 wiki zinazofuata.
5. Malizia kwa kutembea dakika 3.

Kupanda kunakupa ukali bila kishindo kikubwa kwenye magoti, na kwa muda mfupi. Dakika 5 za kupanda kwa namna hii zinafanya kazi ambayo tambarare ungeihitaji mbio ndefu.

Mvua ikinyesha ile barabara ya udongo mwekundu inateleza kama sabuni. Usijaribu. Ruka kamba barazani: sekunde 30 unaruka, sekunde 30 unapumzika, mara 12 hadi 15. Kamba ikikushinda, panda na kushuka ngazi ya baraza kwa mpangilio huohuo. Mliobaki Dar bila mlima, fanyeni hivi au tumieni ngazi za jengo.

Simama mara moja ukipata maumivu au kubanwa kifua, kizunguzungu, au moyo kwenda mbio bila mpango. Usisubiri sikukuu ipite ndipo uende hospitali.

Umefanikiwa ikiwa mpando wa mwisho umeupanda kwa muda ule ule wa kwanza. Kama umezidi sana, ulianza kwa pupa. Wiki ijayo anza taratibu.

## Hatua ya 6: Nguvu, kwa madumu ya maji

Uani, dakika 15 hadi 20, mara 2 kwa wiki. Duru 3, pumzika dakika 1 kati ya duru na duru.

1. Kumbatia dumu kifuani, chuchumaa na kuinuka mara 12. Visigino visiondoke chini.
2. Pushapu mara 8 hadi 12. Zikikushinda sakafuni, weka mikono kwenye benchi au ukutani.
3. Inama kutoka kiunoni, mgongo umenyooka, vuta dumu mpaka ubavuni mara 10 kila mkono.
4. Shika dumu kila mkono, tembea hatua 60, mabega nyuma.
5. Tandika kanga, jiinue kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, sekunde 20 hadi 30.

Kilo 5 zikiwa nyepesi, tumia madumu ya lita 10. La lita 20 nalikataza kwa asiyelizoea, kwa sababu analiinua kwa mgongo badala ya miguu.

Watu huniuliza kama kazi za nyumbani zinahesabika. Zinahesabika, kama zinakufanya uheme. Kukata majani ya ng'ombe kule chini kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, na kuyapandisha kichwani ni zoezi kamili. Siku hiyo acha madumu. Kukaa kwenye kigoda unamenya ndizi ni msaada mkubwa kwa wapishi, lakini usiuandike kwenye daftari.

Umefanikiwa ikiwa duru ya tatu inakuchosha lakini umbo la zoezi halijaharibika, na mapipa ya nyumbani yamejaa maji.

## Hatua ya 7: Siku zenyewe za sikukuu

Desemba 24, 25, 26, 31 na Januari 1, ondoa kila kitu kikali kwenye ratiba. Siku hizi kazi yako ni moja: kutembea baada ya kula.

Dakika 10 hadi 15 za kutembea pole ndani ya nusu saa baada ya mlo mkubwa husaidia misuli kuchukua sukari kutoka kwenye damu, na kile kilele cha sukari hupungua. Kwa wenye kisukari na wazee hili ni la thamani kubwa. Usiondoke peke yako mezani kama aliyesusa. Sema: "Mama mkubwa, hebu nisindikize nikaone ule mgomba mpya." Watoto watafuata. Nimeona bibi wa miaka sabini na kitu akizunguka kihamba chote kwa njia hiyo akisimulia mpaka ulipo.

Kanisani nendeni kwa miguu kama ni karibu. Jioni chezeni na watoto rede au kombolela. Dakika 20 za kombolela na wapwa zako zitakutoa jasho la kweli.

Kuhusu pombe. Iwe mbege au bia, inakukausha maji na kuharibu usingizi. Asubuhi baada ya kunywa usifanye Hatua ya 5. Kunywa maji, tembea dakika 20. Na usitoke barabarani ukiwa bado umelewa.

Onyo jingine. Usilipe chakula kwa zoezi. Nimeona mtu akikimbia saa nzima asubuhi ya Desemba 26 kwa hasira ya ndafu aliyokula jana, akateguka kifundo cha mguu, na likizo ikaishia kitandani. Ndafu ni ya sherehe, ile kwa furaha.

## Hatua ya 8: Ukikosa siku

Utakosa. Kutakuwa na msiba, harusi, kipaimara, au mvua ya siku mbili.

Usijumlishe siku uliyokosa kwenye ya leo. Zoezi kali mara mbili kwa siku baada ya kukaa ndilo linaloleta majeraha. Rudi kwenye zile dakika 20 za asubuhi ya kwanza, halafu endelea na ratiba ilipo. Kama umekosa wiki nzima, rudia pia mwendo wa siku tatu za mwanzo bila mbio.

Ukikosa siku mbili mfululizo bila sababu, usingoje kesho asubuhi. Vaa raba saa hiyo hiyo na utembee mpaka njia panda.

## Hatua ya 9: Kurudi Dar

Safari ya kurudi fanya Hatua ya 3 tena. Kisha kuna mtego ambao wengi hawaujui: joto.

Wiki mbili tatu za baridi ya mlimani zinatosha mwili kupoteza sehemu kubwa ya mazoea yake ya joto, na Januari Dar ni joto na unyevu mwingi. Jasho linachelewa kutoka, moyo unapanda haraka, na mtu anadhani pumzi imeisha wakati kilichoisha ni mazoea. Kuyarudisha huchukua wiki moja hadi mbili.

- Wiki ya kwanza: kimbia saa 12 asubuhi, nusu ya umbali wa Novemba, mwendo wa kuongea.
- Wiki ya pili: robo tatu ya umbali, na zoezi moja kali.
- Wiki ya tatu: umbali kamili.

Mliojiandikisha Kilimanjaro Marathon, ambayo hukimbiwa Moshi mwishoni mwa Februari, msiruke wiki hizi kwa kuogopa kuchelewa. Mkianza mapema Januari mnazo wiki saba hivi, na mapaja yenu yameshakutana na mlima. Mwenye lengo la kilomita 42 aliyekosa mbio ndefu Desemba nzima, namshauri aangalie kama anaweza kuhamia kilomita 21.

Kujipima. Jumamosi ya tatu, chukua njia ileile uliyoikimbia mwanzoni mwa Desemba, kilomita 5, mwendo wa kuongea sentensi nzima. Andika dakika kwenye daftari lilelile, chini ya mistari ya kijijini. Zikizidi za Desemba kwa dakika moja au mbili, uko sawa, endelea na kikundi. Zikizidi kwa dakika tano, rudia wiki ya pili kabla ya kuongeza chochote, na njoo Coco Beach utembee nasi nyuma. Kuna kundi la watembeaji kila Jumamosi, na hakuna anayeachwa.